Mahudhurio ya Lutengano

Usiku wa kuamkia leo niliota sekondari yetu inatimiza miaka hamsini, na mgeni rasmi ni kengele.

Kengele yenyewe ni ile rimu ya lori tuliyokuwa tukiigonga kwa nondo. Imevaa tai. Imekalishwa kiti cha mbele, maji ya chupa mezani, na mimi, mzee wa miaka sitini na nne niliyeishia kidato cha pili, nimesimamishwa mstarini na kaptula ya kaki.

"Shule hii ilijengwa na wakuu wa shule saba," rimu inasoma historia.

"Kwa mikono ipi?" linauliza tofali moja la bwenini.

"Nyamaza. Wewe uko ukutani."

Rimu inafungua karatasi nyingine. "Tuzo ya mahudhurio! Mshindi hajakosa hata siku moja kwa miaka arobaini na nane. Lutengano Mgaya!"

Makofi.

Lutengano alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Siku ile tulishinda shimoni tukichimba udongo wa tofali za bweni jipya, na makande tukala hukohuko. Aliazima kijiko changu akakisahau shimoni. Jioni nikamwambia, "Nakitaka leo leo. Usiporudi nacho, usipande kitandani." Akacheka. "Haya, bwana kijiko, nitakuletea." Akaenda, na mvua ikaanza.

Majina yakaitwa hajarudi. Sisi tulikuwa na desturi ya kuitikiana, asiyekuwepo asichapwe. Nikabana pua kuiga sauti yake: "Nipo!"

Asubuhi shimo lilikuwa limeporomoka. Mama yake alipokuja, mkuu wa shule alimfungulia rejista. "Jana jioni aliitika, mama. Huyu katoroka." Hakuna aliyechimba. Mimi nilikuwa mlangoni pale pale, nikatazama viatu vyangu. Wiki ya pili nikaacha shule, na tangu hapo sijakaa mji mmoja ikafika miaka mitatu.

Basi kwenye ndoto rejista inakuja kwa miguu, imevaa miwani.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Umechelewa."

"Nimekuja umfute Lutengano. Hayupo. Yuko shimoni."

"Mimi sifuti. Aliyeitika yupo. Anakaa pale." Inaonyesha dawati tupu, chini yake udongo mwekundu. "Hisabati anapata sifuri kila muhula, lakini hachelewi."

"Niliitika mimi!"

"Kwa sauti ya nani?"

Tofali zote za bweni zinasema kwa pamoja, bila hasira, "Tulikuwa naye shimo moja. Sisi mlitutoa."

Hapo uwanja unakuwa shimo. Udongo umenifika kifuani, na mgeni rasmi anaendelea na hotuba kana kwamba hakuna jambo. Ukingoni amesimama mama yake Lutengano, kanga ile ile, hajazeeka hata kidogo. Wamempa cheti cha mahudhurio.

"Baba," ananiambia, "wewe ndiye ulikuwa rafiki yake. Mimi sitaki karatasi. Niambie tu, mwanangu yuko hapa au hayupo?"

Nafungua kinywa niseme: yuko hapa chini, mama, ita watu wachimbe. Maneno ninayo, nimeyabeba miaka yote hii.

Inatoka sauti ya kubana pua. "Nipo!"

"Ahsante, baba," anasema. Anakikunja cheti, anakitia kwenye pindo la kanga, anaondoka zake. Rimu inajigonga yenyewe. Watu wanaenda kula pilau.

Nimeamka kwenye chumba cha kupanga, ngumi ya kulia imekaza kama ya maiti. Nimeifungua kidole kimoja kimoja. Ndani kuna kijiko cha bati, na kwenye mpini namba 114, niliyoichonga mwenyewe kwa msumari.

Udongo ulioshika kijiko bado mbichi.

Alisema ataniletea. Sijakiosha. Nimekifunga kwenye leso, na sasa nangoja kupambazuke nikaazime chepe.