Yaishie Barazani

Skuta za umeme zilipoingia mtaani kwetu Kibokoni, mtu alianza kuogopa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kichochoro ni kichochoro. Hupita watu, paka, mkokoteni wa maji, na siku ikifika hupita jeneza. Pikipiki zilikuwepo, na laana tulizipa, lakini pikipiki angalau hunguruma ukaisikia ungali ngazini. Skuta haina sauti. Mtu mzima na ndevu zake amesimama juu ya kibao, mkono mmoja usukani, wa pili una simu, anakata kona kama yuko uwanjani peke yake. Neno lake ni moja, "Pisha," na hulisema akishakupita. Ukimkanya hukutazama kama wewe ndiye uliyekosa adabu kwa kutembea.

Watu walichoka. Walilalamika msikitini, wakalalamika madukani, wakalalamika kwenye kundi la simu la mtaa mpaka mwenye kundi akalifunga. Na kila aliyeumia, malalamiko yake yalifikishwa kwa Ubaid.

Ubaid alikuwa karani wa bandarini miaka thelathini na moja, na alipostaafu mtaa ulimfanya katibu wa kamati. Alikuwa na hati nzuri, ulimi laini na baraza pana mbele ya nyumba yake. Ugomvi wa kuku, ugomvi wa ukuta, ugomvi wa ndugu na ndugu, ukifika pale ulikufa. "Yaishie barazani," husema. "Polisi wa nini baina yetu?" Kahawa ikaletwa, na halua, kisha mikono ikainuliwa, ikasomwa fatiha, nyuso zikapanguswa, na tangu hapo asiwepo wa kulitaja tena jambo lile. Atakayelifukua atajibu kwa Mola. Na tusimnyime mtu haki yake, mengi yalikwisha hivyo, tena yakaisha vizuri.

Lakini skuta si kuku.

Wa kwanza kuumia alikuwa Bi Alefiya, mama yake Moiz mwenye duka la vyuma. Alivunjwa mkono akitoka kununua ndimu. Wa pili alikuwa Purity, binti wa mapokezi kwenye kliniki moja, aliyepanga chumba cha juu nyumba ya pili kutoka kwa Ubaid. Huyo alipigwa na usukani mdomoni, meno mawili ya mbele yakabaki kichochoroni. Aliyewagonga wote wawili ni mmoja, Twalib, miaka ishirini na sita, mwana wa Famau. Na Famau na Ubaid walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakachapwa bakora na mwalimu mmoja, wakaoa mwaka mmoja.

Bi Alefiya alisamehe siku ya tatu. Purity alikuwa mgumu kidogo, kwa sababu alikuwa ameshakwenda polisi na kuandikisha. Ubaid alimtuliza siku nne. Alimwambia kijana anangoja safari ya kazi Doha, jina lake likiingia polisi maisha yake yamekwisha, naye Purity kama dada hawezi kulitaka hilo. Mwisho wakafuatana kituoni, binti akafuta mashtaka. Jioni wakakaa barazani, wanaume wakainua mikono, na Purity, Mkristo wa watu, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kitambaa mdomoni akingoja wamalize. Hakuna aliyemuuliza kama yeye amemaliza. Mwezi uliofuata alihama.

Safari ya Doha haikuwa. Twalib alinunua skuta nyingine, kubwa kuliko ile.

Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Kweli, lakini kabla hajalia yeye hulia majirani kwanza. Jumanne moja asubuhi Bi Swabaha, mkewe Ubaid na mama wa binti yao Nasra, alifungua mlango amebeba sahani ya vitumbua ampelekee jirani wa mbele. Hatua mbili tu. Skuta ilimchukua ubavuni, ikamtupa kwenye jiwe la baraza ya mumewe. Ubaid aliposhuka alimkuta amelala, buibui limepanda magotini, naye anahangaika kulishusha kwa mkono mmoja huku watu wakimtazama. Nyonga ilikuwa imevunjika. Twalib alikuwa ameinamia skuta yake, anaangalia taa kama imepasuka.

Siku kumi na mbili hospitalini. Walimtia chuma, na daktari akasema atatembea na mkongojo Mungu akipenda, ila ngazi asahau. Nyumba za Kibokoni ni ngazi tupu. Jiko lake liko juu, kitanda chake kiko juu, dari anakoanika nguo na kuzungumza na wenzake wa nyumba za pili iko juu zaidi. Walimtandikia ukumbini chini, karibu na dirisha la kichochoroni, mwanamke wa miaka hamsini na nne, anatumia beseni. Usiku wa kwanza aligeukia ukuta akalia bila sauti, na Ubaid akakaa kwenye kiti akimchukia Twalib kwa chuki ambayo hakujua kama anayo.

Kesho yake baada ya alasiri alikuja Famau na wanaume wanne. Wakaleta halua. Twalib naye alikuja kuomba radhi, na alikuja kwa skuta. Aliiegemeza ukutani, akaketi, akainamisha kichwa.

"Ndugu yangu Ubaid," Famau akaanza, "ajali ni kadari ya Mola. Kijana amekosa, na kijana ni wetu. Tukimpa polisi tumempa nani, si tumejipa wenyewe? Polisi wa nini baina yetu? Yaishie barazani."

Ubaid aliyasikiliza maneno yale moja baada ya moja. Yote aliyajua, hata pahala pa kuvuta pumzi. Hakujua kama yanaudhi kiasi kile. Famau akainua mikono, na wale wanne wakainua.

"Mimi sisomi," Ubaid akasema.

Wakamtazama. Mikono ikabaki hewani, haijui irudi wapi.

"Wasemaje, Sheikh Ubaid?" mmoja wa wale wanne akauliza.

"Nasema sisomi. Chukueni halua yenu."

Waliondoka polepole, na mmoja wao, akivaa viatu, akasema si kwa kificho, "Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu." Ubaid alisikia.

Asubuhi yake alikuwa kituoni. Afisa aliyempokea aliitwa Odera, mtu wa maneno machache, naye aliandika yote kisha akaweka kalamu.

"Mzee, pole sana kwa mama. Lakini kwa haya peke yake, kijana atasema mama alitoka ghafla, na itakuwa ajali kama ajali nyingine. Kama ni mazoea yake, niletee watu aliowaumiza kabla."

Watu wapo, Ubaid akasema, tena akasema kwa haraka. Akatoka moja kwa moja mpaka dukani kwa Moiz.

Moiz alimvutia kiti, akaagiza chai, akamuulizia hali ya Bi Swabaha kwa kituo, kama mtu mwenye adabu zake. Aliposikia lililomleta mgeni, alianza kupanga kufuli zilizokuwa tayari zimepangika.

"Ami Ubaid, mamangu aliinua mkono mmoja siku ile, wa pili ulikuwa kwenye bandeji. Ukamwambia atakayelifukua atajibu kwa Mola. Mpaka leo hawezi kujifunga mtandio mwenyewe, na hajalitaja. Sasa mimi nikalifukue?"

"Nilikosa kumwambia vile, mwanangu."

"Huenda. Lakini yeye alikuamini." Akamsogezea chai. "Kunywa, Ami, itapoa."

Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuuma Ubaid. Angetukanwa angalau angepata pa kukasirikia. Alikunywa chai ya watu akatoka.

Amebaki Purity. Ilimchukua siku mbili kumpata, mtaa wa Tudor, ghorofa ya tatu. Alimfungulia mlango akiwa bado na sare za kazini. Akizungumza aliweka mkono mbele ya mdomo, na Ubaid akaona kwamba hajui hata kama anauweka. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mama Nasra anaweza kukaa?" aliuliza.

"Akiegemezwa."

"Nitakuja kesho, saa tatu."

"Mwenyezi Mungu akulipe kheri, binti yangu."

"Usinishukuru, mzee. Siji kwa ajili yako."

Na alikuja, saa tatu kamili. Odera alimuuliza tarehe, akaenda chumba cha nyuma, akakaa huko muda mrefu, akarudi na jalada jembamba lenye vumbi. Ndani mlikuwa na maelezo ya Purity, karatasi ya kufuta, na nyuma yake barua moja ya kurasa moja na nusu, hati nzuri ya kikarani, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Ubaid aliiona kabla haijafunguliwa.

Odera akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, bila kutia chumvi. Mimi Ubaid, katibu wa kamati ya mtaa, nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu. Kijana Twalib alikuwa akienda pole pole. Binti alitoka mlangoni ghafla, macho yake yako kwenye simu. Kijana ni mwenye adabu na sina shaka naye.

Purity alikuwa hajawahi kuisikia barua ile. Siku ya kufuta alitia sahihi yake akatoka nje, kwa sababu mdomo ulikuwa ukimuuma, akamwacha mzee amalizie.

"Uliniona?" akamuuliza.

Ubaid hakumuona. Siku ile alikuwa bafuni, uso umejaa sabuni, akasikia kishindo, na alipofika chini binti alikuwa ameshaketi chini anatema damu. Famau ndiye aliyemsimulia vile ilivyokuwa, huku analia, naye akaandika. Aliona ni jambo dogo, mistari michache ya kumwokoa mwana wa rafiki, na mambo yameshakwisha kwa kheri. Alikuwa hata amejisifu moyoni kwa ile hati.

"Simu yangu ilikuwa juu," Purity akasema. Safari hii hakuweka mkono mdomoni. "Ilikuwa kwenye chaji. Mimi nilishuka kununua mkate."

Odera akamgeuzia barua. "Mzee, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi nielewe vizuri. Kama barua hii ni kweli, huyu dada alijigongesha, na kijana ana shahidi mzuri kuliko wote, naye ni wewe. Wakili wake ataisoma mahakamani na wewe umekaa pale. Kama si kweli, hapa pana karatasi. Niandikie kwamba ulisema uongo kwa polisi, utie sahihi. Na hilo nalo ni kosa, sitakuficha. Nitalazimika kulifuata."

Ubaid aliitazama karatasi. Aliufikiria mtaa, na msikiti, na safu ya mbele anakoswali, na watu wote waliowahi kukaa barazani kwake wakaamini kwamba anajua haki ni nini. Purity alikuwa amesimama pale pale, anangoja. Ubaid akasema anaomba ajifikirie kwanza, atarudi.

Purity alichukua mkoba wake akaondoka. Hakumuaga.

Ubaid alipofika nyumbani, Famau na Twalib walikuwa tayari barazani na watu saba sasa, pamoja na imamu wa msikiti mdogo. Ubaid akawasalimu kwa mdomo tu, akaingia ndani, akafunga mlango. Bi Swabaha alikuwa ameegemea mito, macho yake dirishani.

"Baba Nasra, wamesemaje huko?"

Angeweza kumwambia bado wanachunguza. Alimtazama, beseni ikiwa kando yake, imefunikwa kanga, akamwambia yote. Barua, bafu, sabuni, simu iliyokuwa kwenye chaji. Ilikuwa kama mtu anayesoma habari ya mtu mwingine.

Bi Swabaha akaacha dirisha, akamgeukia.

"Kumbe hakutoka na simu," akasema.

"Hakutoka nayo."

"Na mimi nilimwendea chumbani kwake, mdomo umemfura vile, nikamwambia nyinyi wasichana wa siku hizi mwatembea na macho kwenye simu, mkiumia mwalaumu wana wa watu. Nilimwambia hivyo, Baba Nasra. Alikuwa hawezi kunijibu, anatokwa na machozi, nami nikaona ni haya ya kosa. Wewe ndiwe uliyeniambia umeona."

"Mama Nasra, nisamehe."

"Niitie yule mtoto nimuombe radhi. Sitaki kingine." Akageuza uso. "Na wewe, si ndiwe msameheaji wa mtaa? Umewasamehea watu mikono yao na meno yao. Jisamehe mwenyewe."

Ubaid alikaa pale kidogo, mikono juu ya magoti, akingoja kama mkewe atasema neno jingine. Basi akainuka, akavaa kofia yake, akachukua kalamu yake ya wino kwenye mtoto wa meza, akafungua mlango.

Wanaume barazani wakajisogeza kumpa nafasi ya katikati, nafasi yake ya siku zote. Famau akalipapasa jiwe kwa kiganja.

"Kaa, ndugu yangu. Imamu amekuja. Tuyamalize."

Ubaid hakukaa. Ilibidi aipite skuta ya Twalib kwa ubavu, kwa kuwa ilikuwa imeegemezwa pale pale mlangoni.

"Wenda wapi?" Famau akainuka. "Wenda kumshitaki mwanangu?"

"Naenda kujishitaki mimi," Ubaid akasema. "Wako atafuata."