Kompyuta Mbili Mezani kwa Shangazi

Kompyuta ya shangazi ilikufa Jumatatu, bila ugonjwa wa kutangulia, katikati ya kutarizi ua la waridi. Kufikia Alhamisi asubuhi palikuwa na kompyuta nyingine mbili mezani pake, zote zimekwisha kutumiwa na watu wengine, na moja tu ndiyo ingebaki. Saa saba mchana angefika mkuu wa chuo cha wauguzi kuangalia sampuli ya nembo ya sare mia mbili. Sampuli isingekuwa tayari, kazi ingekwenda kwa mshindani, mtarizi mwenye duka lenye milango ya vioo karibu na benki, na shangazi, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akitarizi foronya tu, angeendelea na foronya.

Mimi ninafundisha takwimu, na hilo lilitosha kuniponza.

"Wewe si umesomea kulinganisha vitu?" aliniuliza kwenye simu. "Basi njoo ulinganishe."

Aliyezileta kompyuta ni Fundi Waya, aliyepata jina hilo kwa sababu hakuna siku aliyoonekana bila waya unaoning'inia mfukoni. Makubaliano yalikuwa mepesi: tuzijaribu, na jioni arudi dukani na ile iliyokataliwa.

"Hii kubwa," alisema, akiipigapiga ubavuni kama mtu anayesifia ng'ombe wake, "prosesa yake ni ya kizazi cha nne, ina viini vinne. Yaani ni kama ubongo mmoja wenye vichwa vinne. Hii ndogo ni ya kizazi cha sita, mpya kidogo kuliko mwenzake, lakini viini vyake ni viwili tu."

"Kwa hiyo mdogo ni kijana, ila hana ndugu wa kumsaidia," shangazi alisema.

"Hapo umepata, mama. Lakini hali umeme mwingi. Na bei ya kubwa imeizidi ya ndogo kwa robo."

Siku iliyotangulia nilikuwa nimezipima zote mbili dukani kwake, kwa mchoro mmoja, mara tatu kila moja, saa yangu ya mkononi ikiwa mbele yangu. Kazi yenyewe inaeleweka kwa urahisi: programu ya kutarizi huchukua picha na kuigeuza mishono, maelfu kwa maelfu, na prosesa ndiyo inayobeba mzigo wote huo. Kubwa ilitumia wastani wa dakika tisa. Ndogo, kumi na mbili. Nilichora jedwali, nikalinganisha kasi na bei, nikaona kwamba kubwa inashinda kwa unywele.

"Basi maneno yameisha," shangazi alisema. "Tena mimi kubwa nimekwisha kuipenda."

Nilikataa. Nilimweleza kwamba dukani si hapa, na kwamba kipimo cha haki ni kazi halisi katika chumba halisi. Tungeziwasha zote saa tano kamili, zipewe nembo ya chuo, ile ya taa iliyoshikwa na mikono miwili, na mtu yeyote asiguse hata moja mpaka zote mbili zimalize.

"Hata kupangusa?"

"Hata kupangusa, shangazi."

Ndogo ilimaliza kwa dakika kumi na nne. Kubwa wakati huo ilikuwa haijafika hata nusu. Niliandika, nikasubiri. Ilipofika saa tano na nusu, kubwa ilikuwa bado inajikongoja. Saa sita kasoro robo, ile alama ya kuonyesha maendeleo ya kazi ilikuwa imesogea kidogo mno hata nikadhani macho yangu ndiyo yaliyoisogeza.

"Fundi," shangazi alisema kwa upole wa kutisha, "ile aliyoipima mwanangu jana ndiyo hii hii? Au hii ni pacha wake mgonjwa?"

"Mama, usinivunjie heshima mbele ya mwalimu. Ni hii hii."

"Basi imekosa nini? Viini vinne, vyote vimelala?"

Fundi Waya aliinuka, akazunguka nyuma ya meza, akainama. Tukamsikia akivuta pumzi. Aliporudi alikuwa ameshika kitambaa kizito kilichotariziwa mashada ya maua pembe zote nne.

"Nani ameivika hii?"

Shangazi alijinyoosha. "Mimi. Humu ndani nyuzi zinapeperuka kutwa. Niache vumbi liingie kwenye mashine yangu?"

"Umeziba matundu yote ya hewa, mama! Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, isije ikaungua. Na mbona ile ndogo hukuifunika?"

"Ile si inarudi kwako jioni? Mgeni wa kuondoka nimshonee nguo ya nini?"

Niliona haya. Mchoro ulikuwa mmoja, saa ya kuanza moja, chumba kimoja. Nilikuwa nimehakikisha kila kitu isipokuwa kama washindani wote wawili wanapumua. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuokoa kilichobaki, kwamba hatuna budi kuanza upya.

"Kuanza upya?" Shangazi alitazama saa ya ukutani. "Kutarizi peke yake ni dakika hamsini na tano, mwanangu. Yule mama wa chuo anafika saa saba!"

Fundi Waya alikohoa. "Mwalimu, samahani. Ile ndogo si imemaliza tangu saa tano na robo?"

Kwa zaidi ya nusu saa nembo ilikuwa tayari, sentimita chache kutoka kwenye kiwiko changu, nami nikiilinda isiguswe. Shangazi alianza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, kisha akaacha ghafla, akainakili nembo kwenye flashi na kuichomeka kwenye mashine ya kutarizi. Sindano ikaanza kudonoa kitambaa cheupe.

Ilipokuwa ikidonoa, nilirudia kipimo. Kubwa, ikiwa wazi, ilimaliza kwa dakika kumi na moja. Kisha nikaifunika ndogo kwa kitambaa kile kile, kwa mikono yangu mwenyewe. Fundi aligeuza uso asione. Ilimaliza kwa dakika kumi na tano, na nilipoigusa ilikuwa na joto la kikombe cha chai kilichosahaulika.

"Ikiwa wazi, kubwa bado inashinda," nilisema. "Kwa dakika tatu."

"Dakika tatu nazimaliza nikitafuta miwani," shangazi alijibu. "Mimi najijua. Leo nitaapa sitaifunika, kesho nitafunika. Kubwa na mimi tutagombana kila siku. Niachieni huyu mdogo."

Fundi akaanza kuchomoa nyaya za kubwa.

Mkuu wa chuo aliingia saa saba kasoro dakika kumi, viatu vyake vikilia sakafuni. Hakusema mengi. Aliichukua nembo, akaipitishia kidole gumba, kisha akaigeuza kutazama upande wa nyuma, mahali ambapo mtarizi mvivu huacha nyuzi zikining'inia.

"Nyuma pia ni safi," mkuu alisema.

"Asante, mama."

"Mia mbili, basi, kabla ya mwezi kuisha. Ila mwali wa taa nautaka mkubwa kidogo. Utaweza kunionyesha lini?"

"Sasa hivi. Kaa, mama, robo saa tu."

Mkuu alivuta kigoda akakaa kando ya shangazi, mkoba mapajani. Fundi Waya aliikumbatia kompyuta kubwa, nikamfungulia mlango. Nyuma yetu sauti mbili zilikuwa zimekwisha kuanza kubishana kwa utulivu juu ya ncha ya mwali, kama ielekee kulia au isimame wima.