Mstari wa Mzee

Tangu kiharusi kimpige, mzee aliyekuwa mchora ramani za nyumba alibaki na kitu kimoja cha kumtoa kitandani: programu ya kuchorea iliyokuja pamoja na kadi ya picha, kile kifaa cha ndani ya kompyuta yake kinachoonyesha picha kwenye kioo. Iliunyoosha mstari hata mkono ukitetemeka. Kila asubuhi alichora nyumba ambazo hakuna atakayezijenga, na moyo wake ukatulia.

Jumapili moja bintiye alikuja kumjulia hali, akaona kompyuta inaomba kusasishwa. Akabonyeza "kubali", akaenda jikoni.

Aliporudi, picha kwenye kioo ilikuwa imefifia. Sasisho jipya halikuitambua tena kadi ile kuukuu, na programu ya kuchorea ilikuwa imefutwa. Binti akahaha. Alitafuta toleo la zamani kwenye tovuti ya kampuni, akakuta limeondolewa. Akampigia fundi.

"Dada, hapo imekula kwenu," fundi akasema. "Nunueni mashine mpya."

"Na programu je?"

"Hiyo hawaitengenezi tena."

Akamgeukia baba yake, machozi yakimlengalenga. "Baba, nisamehe. Nilidhani nakusaidia."

"Najua, mama. Hebu nipe karatasi."

Mzee akashika penseli, akavuta mstari mmoja. Ukaenda upogoupogo hadi ukingoni. Akautazama kitambo, kisha akaomba arudishwe kitandani.

Binti alimletea programu nyingine, tena za bei, ila hakuna iliyounyoosha mstari kama ile. Mzee alishukuru kila mara, akageukia ukutani.