Minyoo wa Bibi Taa

Mnyoo akiunguzwa na joto, hapigi kelele wala hafi ovyo. Analala. Kichwani ana seli za neva za kazi hiyo: moja inahisi kwamba mwili umeumia na kutoa taarifa, nyingine inautuliza mwili mzima. Mdomo unaacha kula, kiwiliwili kinanyooka kama uzi uliodondoka sakafuni. Mwili ukishajitengeneza, anaamka na kuendelea na shughuli zake. Asiyeweza kulala ndiye aliye hatarini. Haya nayajua kama jina langu, maana ndiyo kazi inayonilisha, na ndiyo maana sina cha kujitetea.

Mimi ni mtunza minyoo katika maabara ya usingizi. Usicheke. Wanafunzi wanakuja na kuondoka na shahada zao, mimi nabaki na visahani wanamoishi minyoo. Mwanafunzi wa sasa tunamwita Bibi Taa, kwa sababu amezalisha minyoo ambao ukiwamulika kwa taa ya buluu, ile seli ya kutuliza inawashwa na wanalala papo hapo. Ukizima taa, wanaamka. Alihangaika miaka mingi kuwapata. Alikuwa bado hajagandisha akiba yao, ile ya kuwafufua wengine hawa wakipotea. Alipanga kufanya hivyo Jumatatu.

Ijumaa mchana nilifungua kabati la ubaridi tunamowatunzia, joto likanipiga usoni. Fundi wa mafriji alikuwa amelitengeneza asubuhi ile. Nikarudisha kipimo cha joto mahali pake, nikatoa visahani vya Bibi Taa na kuviweka chini ya hadubini. Kimya. Hakuna aliyejipinda hata kidogo. Kwetu, mnyoo hatangazwi amekufa mpaka umguse kwa unywele wa kope uliobandikwa kwenye kijiti, mmoja mmoja, kisha usubiri na kumgusa tena. Niligusa wawili watatu, tena juu juu. Hawakutikisika. Nikasema basi, joto limewamaliza. Nikawamwagia klorini kama tunavyofanya kwa wafu, nikampigia simu Bibi Taa kumpa pole, nikaenda zangu nyumbani.

Jumatatu nilikuta kisahani cha minyoo wa kawaida nilichokisahau kwenye rafu ya chini ya kabati lile lile. Nikakitazama chini ya hadubini. Wanajipinda, wanakula, wazima wa afya. Joto lililowapata ni lile lile moja. Kumbe wale wengine walikuwa wamelala tu, wanajitibu, na mimi nikawamwagia sumu usingizini.

Ningeweza kusema palepale. Badala yake nilikirudisha kisahani mahali pake, nikajitia hamnazo, nikaanza kuosha chupa ambazo tayari zilikuwa safi. Roho ilinisuta, lakini niliendelea kuosha.

Saa nne Profesa, mkuu wetu wa maabara, akamwita fundi. Aliingia amekumbatia begi lake la vyuma, uso umemshuka. Bibi Taa alikuwa amekaa kwenye stuli, macho yamemvimba kwa kulia.

"Bwana fundi, unajua ulichofanya?" Profesa akauliza.

"Najua, Profesa. Nilipandisha joto kulijaribu kabati, nikasahau kurudisha kipimo. Ni mimi." Akamgeukia Bibi Taa. "Nisamehe sana, mwanangu. Mke wangu ananiuliza kwa nini sili, nashindwa hata kumweleza. Nimweleze nini? Kwamba nimeua minyoo? Atanicheka. Lakini nimekuona ulivyo, na mimi nina binti anayesoma."

"Leo ndiyo mwisho wako hapa," Profesa akasema. "Tutatafuta fundi mwingine."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Hakubisha. Angebisha ningepata nafuu.

"Lakini Profesa," Bibi Taa akasema taratibu, "joto la saa chache linaweza kweli kuwamaliza wote?"

"Nani aliwaangalia?"

"Dada." Akanitazama, na jicho lake halikuwa na hata chembe ya shaka. "Dada akisema wamekufa, wamekufa."

Mimi si mtu wa kuonewa. Angenishuku, ningemkoromea, ningeapa, ningegombana mpaka jioni. Lakini kuaminiwa kule kulinikata maini.

"Hawakufa kwa joto," nikasema. "Walikuwa wamelala. Wale wa rafu ya chini wazima mpaka sasa, kawaangalieni. Nimejua tangu asubuhi na nikanyamaza. Wale wengine nimewaua mimi, kwa klorini."

Profesa alivua miwani akakaa nayo mkononi. Fundi alivuta stuli akaketi bila kukaribishwa, begi lake bado kifuani, akawa anapumua kwa nguvu. Sikuthubutu kumtazama.

Bibi Taa hakupiga kelele. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukusubiri, dada? Ulikuwa na mgonjwa nyumbani?"

Masikini, hata pale alikuwa ananitafutia njia ya kutokea. Nilichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu, na wote wangenihurumia. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani ningekuwa na mgonjwa nyumbani.

"Hapana, mdogo wangu," nikamjibu. "Sikuwa na mgonjwa. Nilichoka, nikataka kwenda kulala."