Ufunguo Mkononi mwa Bukwe

Hakuna aliyemlazimisha Mechack kuilisha motokari mawese. Alijitakia mwenyewe. Mazutu, dizeli yenyewe, ilikuwa imepanda bei Kolwezi nzima, malori ya madini yakiimaliza vituoni, na mkewe Naomie alikuwa akiuza mawese sokoni Kasulo, bidoni sita za lita ishirini zimepangwa mlangoni pa nyumba. Mechack akaziangalia bidoni, akaiangalia kamioneti yake, kichwa kikashika moto. Akachukua mbili bila kuuliza, akazimimina tangini. Jaribio hilo lilifia njiani, karibu na Kingamyambo. Akachukua mbili nyingine. Lo! Siku hiyo Naomie alifunga mizigo yake, akaenda kwa baba yake Lubudi.

"Na motokari unasemaka," alimwambia mlangoni. "Na mi, hata neno."

Miezi miwili Mechack alikula ugali wa peke yake, na usimwonee huruma haraka, maana hata hapo alikuwa chini ya kamioneti na spana mkononi. Lakini njia aliipata, tumpe haki yake. Alifunga tangi la pili la mawese, akapitisha humo bomba la maji ya moto ya rejeta, akaweka kando ya kiti robine, koki ndogo ya kubadilisha mafuta. Motokari inaamka kwa mazutu, inatembea kwa mawese. Ila kabla ya kuizima, ufungue robine, inywe mazutu tena dakika tano, mabomba yasafike. Usipofanya hivyo mwezi wa sita, wakati wa baridi, mawese yanaganda humo ndani, na motokari haiamki tena.

Alimtumia Naomie sauti ndefu kwenye simu, akamweleza yote: robine, dakika tano, baridi. Jibu lilikuja fupi. "Kuya basi. Tata anasema motokari ilale kwetu, iamuke mbele ya macho yake. Ikiamuka, tunarudia wote."

Mechack alilia kwa furaha, peke yake, akiwa ameshika usukani.

Akafika Lubudi jua likielekea kushuka, motokari ikinukia mikate ya kukaanga, watoto wakiifuata kwa vicheko. Alikusudia kufungua robine na kuiacha ingurume uani zile dakika tano huku watu wakisalimiana. Lakini bukwe wake, baba mkwe, tata Kabamba, mstaafu wa reli na katekista wa kanisa, alikuwa amesimama uani tayari, kofia mkononi, jamaa wote nyuma yake.

"Zima hiyo makelele, mutoto," akasema. "Tumushukuru Mungu kwanza."

Ngoja kidogo, tata. Maneno matatu tu! Lakini kumwambia bukwe angoje, tena na Mungu wake angoje, Mechack hakulelewa hivyo. Kwao mbele ya bukwe mtu huinamisha kichwa na kuitika. Akaitika. Akazima.

Sala ikawa ndefu, ikapitia mahindi, wagonjwa na treni zinazochelewa. Baada ya amina mkono wa Mechack ukarudi haraka kwenye ufunguo, aiwashe upya, aipe dakika zake. Mzee akanyoosha kiganja.

"Lete ufunguo. Nitalala nayo, kusudi batu basiseme uliamuka kuitengeneza."

Mechack akautoa kwa mikono miwili. Naomie alikuwa mlangoni pa jikoni. Alitazama kamioneti upande wa robine, akamtazama mumewe, akainua nyusi. Mechack akatazama viatu vyake.

Asubuhi baridi iliuma masikio. Mama bukwe, Godelieve, aliweka chupa ya mawese kando ya mbabula ya makaa ili yayeyuke, maana yalikuwa yameganda mpaka shingoni. Mechack aliiona, akageuka kuitazama motokari. Mizigo ya Naomie ilikuwa imepakiwa tayari, naye ameketi mbele, amevaa kitenge cha kanisa.

"Amusha," akasema Kabamba, na kumpa ufunguo akitabasamu.

Motokari ikagugumia, ikanyamaza. Mara ya pili, vilevile. Mechack akafungua boneti, akagusa bomba: baridi, gumu. Akaomba maji ya moto. Godelieve akaleta birika, akamwagia bomba, akaleta jingine. Lakini mawese yalikuwa yameingia ndani kabisa ya pampu, mahali maji hayafiki. Saa moja baadaye batri nayo ikachoka. Mechack alitamani ardhi immeze.

Kabamba hakuwa mtu mbaya. Alisogea, akamshika bega, akasema kwa upole, "Sema, mutoto yangu. Kuna kitu tulikosa sisi? Ukisema, nitasikia."

Kila kitu kilikuwa hapo, mdomoni kabisa: tata, jana ulinizimisha mapema. Mechack akamwona mzee na mvi zake, akawaona wajukuu waliosimama wakisikiliza. Akanyoosha kidole kwenye injini.

"Hapana, tata. Ni motere tu."

Mlango wa kamioneti ukafunguka. Naomie akashusha furushi la kwanza, akashusha la pili. Alipompita mumewe akasimama kidogo.

"Ni robine," akasema polepole. "Mi nilijua toka jana. Nilikuwa nangojea tu useme."

Akaingia jikoni. Mawese ya kando ya mbabula yalikuwa yameshayeyuka. Akayamimina kwenye sufuria, akamwuliza mama yake mgeni wa Kolwezi atapikiwa nini kabla hajaenda.