Kidonge cha Obiero na Boila ya Kiwanda

Jumatatu, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Obiero alimeza kidonge chake cha kwanza cha saratani ya mapafu kwa maji ya uvuguvugu, akiwa ameketi kitandani katika kambi ya wafanyakazi nyuma ya mji mdogo wa Kiptere. Dakika hiyohiyo, moto wa boila ya kiwanda cha chai ulizimika. Kimeli, aliyeachiwa kazi ya kuchochea moto Obiero alipougua, aliandika saa kwenye daftari, kisha akauwasha upya. Ilimchukua saa nzima.

Obiero hakuwahi kuvuta sigara. Madaktari walimuuliza mara tatu, na kila aliposema hapana walionekana kusikitika kidogo. Alichokuwa amefanya ni kulisha boila hiyo kuni za mkaratusi kwa miaka kumi na tisa, bila kinga puani ila kitambaa alichoshonewa na mkewe, Quinter. Kipande cha pafu lake kilipimwa, na daktari akaeleza kwamba wana bahati: ipo dawa isiyopiga ovyo, inayotafuta chanzo cha ugonjwa na kukizima papo hapo. Imezwe kila siku, saa ileile. Quinter alimwomba arudie, asije akakosea.

Jumanne moto ulizimika saa moja na dakika arobaini. Jumatano vilevile. Fundi alibadilisha mabomba mawili, akaanza kumshuku muuza kuni. Alhamisi Kimeli, anayeishi mlango wa pili kutoka kwa Obiero na kuijua saa ya kidonge chake, aliwaza kidogo, akamwomba mzee acheleweshe dawa siku moja hadi saa tatu. Ijumaa moto uliwaka vizuri hadi saa tatu. Fundi alifurahi sana kwamba mabomba yake hayakuwa na makosa.

Obiero naye aliendelea vizuri. Uso ulimtoka vipele na tumbo lilimsumbua, lakini alilala chali kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, na wiki ya pili akarudi kwenye kwaya kuimba besi. Quinter alimsikia kutoka benchi la nyuma, akaona haya kwa jinsi alivyofurahi.

Meneja wa kiwanda, aliyekwisha kulisoma daftari la Kimeli, alikuja kwao pamoja na Gordon wa chama cha wafanyakazi. Meneja alinywa chai, akaisifu. Alieleza kwamba saa moja bila moto kila siku inatosha kuharibu majani ya watu mia nne, na hilo lilikuwa kweli. Aliomba kidonge kiwe kikimezwa Jumapili tu, kiwanda kikiwa kimefungwa. Gordon alitazama sakafu.

"Mimi pia nachuna," Quinter alisema. "Hayo majani imeharibika, yangu iko ndani. Lakini huyu akikosa dawa siku sita, nitamzika."

"Mama, hakuna mtu amesema azikwe," meneja alisema.

"Na moshi?" Obiero aliuliza. "Dawa imeonyesha ugonjwa ilitoka wapi. Hamtafanya kitu?"

Meneja alisema hilo ni swali zuri, ila hakuwa amekuja kwa ajili yake.

Quinter aliendelea kumpa mumewe kidonge kila asubuhi. Majirani kadhaa waliacha kumsalimia kwenye mizani ya kupimia majani, na ilimuuma, maana alikuwa amechuna nao miaka mingi. Mwezi uliofuata lori lilileta boila ya pili, ikafungwa kando ya ile ya kwanza. Kidonge hakikuijua. Sasa kila asubuhi, boila ya kwanza inapozimika, ya pili inashika kazi, kisha zote mbili zinaunguruma hadi jioni. Majani hayaharibiki, majirani wanasalimia, na walimu wa shule ya jirani wanarekebisha saa zao kwa kutazama bomba la moshi la boila ya kwanza. Moshi wenyewe umeongezeka.

Kimeli analisha boila zote mbili. Jioni moja alipita kwa Obiero kuomba chumvi, akakohoa mlangoni. Obiero aliweka kikombe chini. Alikijua kikohozi hicho, kikavu, cha kutoka chini kabisa, na aliogopa kuliko alivyoogopa chake mwenyewe.

"Imeanza lini?"

"Ni baridi tu, mzee."

"Enda upimwe. Usingoje kama mimi."

Kimeli alikwenda Kericho, kipande cha pafu lake kikatolewa na kupelekwa kupimwa. Majibu yangechukua wiki tatu. Meneja, ambaye ni mtu wa kupanga mambo mapema, hakuyangoja. Aliagiza boila ya tatu.