Ukumbi Uliogeuza Migongo

Maneno yenyewe niliyasikia nikiwa na pini mdomoni. Mteja aliyekuja kupunguziwa sketi alikuwa akizungumza na mwenzake juu ya kichwa changu, kama vile fundi akipiga magoti anakuwa hana masikio.

"Wewe ngoja Jumamosi," alisema. "Yule binti wa Malkia wa Kisima akitokeza tu, ukumbi mzima tunamgeuzia mgongo. Tumeshaambizana."

"Hata wa viti vya mbele?"

"Hata wao. Hakuna kumtazama."

Wakacheka. Nikabandika pini ya mwisho, nikawaambia sketi itakuwa tayari wiki ijayo. Binti wanayemsema ni wangu, kifungua mimba wangu, aliyepewa kumwigiza malkia huyo kwenye mchezo wa jukwaani.

Mama yeyote anajua neno la namna hiyo linavyoganda. Nilishona nalo, nikala nalo. Jioni binti yangu alikuwa akirudi kutoka mazoezini, anajitupia shuka begani liwe joho, anauambia ukuta maneno ya malkia. Mwongozaji alikuwa amewapa wasichana wawili nafasi ile ile, yeye Jumamosi, mwenzake Jumapili, na atakayefanya vizuri ndiye angesafiri na kundi mwaka mzima. Nilitaka kumwuliza, mwanangu, umewakosea nini watu? Nikaona nitamvunja moyo. Nikaenda kumwambia mdogo wangu, ambaye tangu utotoni tunamwita Kengele, na sababu mtaiona wenyewe.

"Wamgeuzie mgongo nani?" Kengele aliwaka. "Mtoto niliyembeba mimi? Dada, kata tiketi mbili."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa pomoni. Vitabu ulikotolewa mchezo ule viko sita, vinene kama matofali. Mimi niliishia shule ya msingi na sijawahi kuvifungua, ingawa binti yangu analala navyo kitandani. Watu wale walikuwa wamevikariri. Shujaa akianza sentensi, wanaimalizia. Farasi alipotokea mweupe, kijana nyuma yetu akalalamika, "Ah, jamani, si alikuwa mweusi huyu!" Mwenzake akamjibu, "Kampake rangi basi, sisi tuendelee." Hata mimi nilicheka kidogo.

Kisha taa zikafifia, ngoma ikapigwa mara moja, mfuniko wa kisima ukasogea. Nikauona mkono wa mwanangu.

Viti vyote vikalia kwa pamoja. Watu walisimama, wakageuka, wakubwa kwa watoto. Waliokaa mbele yetu sasa walikuwa wanatuelekea sisi, macho wameyafumba. Nakumbuka kidole changu kilikuwa kwenye zipu ya mkoba, na sikuweza kukitoa.

"Geukeni!" Kengele alipasua ukumbi. "Hamna adabu nyie? Huyo ana mama yake, na mama yake ndiye huyu hapa! Mtazameni mtoto wa watu!"

Mtu mmoja akacheka. Ikafuata safu yake, halafu ukumbi wote. Wakageukia jukwaani, wakamtazama malkia. Binti yangu alikuwa ametoa mguu mmoja nje ya kisima. Alitafuta sauti ilikotoka, akaniona. Akafungua mdomo, neno halikutoka. Tukangoja. Pazia likafungwa.

Mwanamke wa mbele yetu aliinama, akasema taratibu, "Mama, Malkia wa Kisima hatazamwi. Vitabuni, ukimtazama unasahau jina lako. Tulimwona mwanao kwenye mazoezi ya wazi, tukasema huyu ndiye mwenyewe, tumpe heshima yake. Na yeye tulimwambia. Alikuwa anaingojea sana."

Kengele akakaa. "Dada, si ulisema wanamchukia?"

"Ndivyo nilivyosikia."

Nyumbani binti yangu aliosha rangi ya usoni kwenye beseni mpaka maji yakawa meusi.

"Mama, uliyasikia wapi?"

"Kwa mteja."

"Na mimi nalala chumba cha pili."

Hakupandisha sauti. Alikunja shuka, akalirudisha kitandani.

Jumapili ukumbi ulimgeuzia mgongo yule msichana mwingine, na hakuna aliyefumbua macho mpaka aliporudi kisimani. Ndiye aliyesafiri na kundi. Mteja wangu alikuja kuchukua sketi, akaijaribu, akasema imemkaa vizuri. Nikamwambia asante.

Nayaandika haya kwa mama mwenzangu ambaye neno bado liko moyoni mwake tu. Epuka mambo haya:

Kuamini maneno ya watu kabla ya kumwuliza mwanao.

Kumwambia mdogo wako jambo ambalo mwenyewe hujaambiwa.

Kwenda kwenye mchezo wa vitabu ambavyo mwanao analala navyo, bila kumwuliza hata mara moja vinahusu nini.

Kukaa kimya mtu anapopiga kelele kwa niaba yako.

Kumwuliza mwanao kila jioni kama amekula, na kuishia hapo.